Behewa

Katika nyumba za mawe za mwambao, behewa ni ua wa ndani, ulioachwa wazi ili vyumba vipate hewa na mwanga. Kwenye reli, neno hilohilo ni gari linalovutwa na kichwa cha treni.

Mafundi wanaounda treni ndogo za mfano kwa kufuata historia hawawezi kulitumia neno hili kiholela. Behewa gani, la reli ipi? Reli yetu ya zamani ya Kenya ina upana wa milimita 1,000. Kwa kipimo cha 1:87 hiyo ni milimita 11.5, na mafundi wengi hutumia njia ya milimita 12. Fundi akiliweka behewa lake juu ya njia ya milimita 16.5, tayari ameingia reli mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435.

Behewa ninalolipenda zaidi liko Makumbusho ya Reli, Nairobi: ni lile alimolala afisa wa polisi Charles Ryall mwaka 1900 pale kituo cha Kima, simba akaingia na kumtoa kupitia dirisha. Fundi anayeunda mfano wa behewa hilo hatosheki na kuta na magurudumu. Anahitaji mlango wa kuteleza, vitanda, na dirisha lenye ukubwa sahihi kwa kipimo, kwa sababu kisa chote kilitokea ndani. Kamusi zinazoishia kwenye “gari la treni” zinamnyima nusu ya neno, ile inayohusu ndani. Naziomba ziirudishe ile maana ya nyumba, na kuiweka ya kwanza.