Batman (tamthilia ya televisheni, 1966–1968)

Batman ni tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyorushwa na kituo cha ABC kuanzia Januari 12, 1966 hadi Machi 14, 1968. Ilikuwa na sehemu 120, kila moja ya nusu saa. Mtayarishaji wake mkuu alikuwa William Dozier, akishirikiana na studio ya 20th Century-Fox, na mhusika wake alitoka katika vitabu vya katuni vya Bob Kane na Bill Finger vilivyoanza mwaka 1939. Adam West aliigiza Bruce Wayne, tajiri wa mji wa kubuni wa Gotham ambaye hujivika barakoa ya popo na kuwasaka wahalifu. Burt Ward alikuwa Robin, kijana anayelelewa na tajiri huyo. Hata hivyo waliobaki vichwani mwa watazamaji ni maadui zao, na katika tamthilia iliyozidi kubanwa na fedha mwaka hadi mwaka, hao ndio walioibeba kazi.

Haikuanza kifukara. Msimu wa kwanza ulipata fedha za kutosha kwa kipindi cha nusu saa, ulikuwa wa rangi, na ulionyeshwa Jumatano na Alhamisi: siku ya kwanza shujaa aliachwa mtegoni, siku ya pili akaponyoka. Sauti ya msimulizi iliyowahimiza watazamaji warudi kesho yake ilikuwa ya Dozier mwenyewe. Lakini ubanaji matumizi ulikuwamo tangu mwanzo. Picha za mashujaa wakiteleza kwenye nguzo, wakirukia gari na kutoka kasi pangoni zilipigwa mara chache, kisha zikarudiwa wiki baada ya wiki. Pango lenyewe ni la Bronson Canyon, katika bustani ya Griffith mjini Los Angeles. Batman na Robin walipopanda ukuta wa ghorofa kwa kamba, waigizaji walikuwa wakitembea wameinama juu ya sakafu, kamera imelazwa ubavu. Mtazamaji makini aliweza kubaini hila hiyo, na watengenezaji hawakuona haya. Walifungua dirisha la ukuta huo ili mtu mashuhuri kama Jerry Lewis achomoze kichwa na kusalimiana na mashujaa.

Gari lao lilitokana na Lincoln Futura, gari la maonyesho lililoundwa kwa mkono nchini Italia mwaka 1955. George Barris, fundi wa magari wa Hollywood, alikuwa amelipata kwa bei ya kutupa, akaligeuza kwa muda mfupi. Mwaka 2013 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4.

Mwandishi Lorenzo Semple Jr. ndiye aliyeweka kanuni iliyofuatwa hadi mwisho: upuuzi wote usemwe kwa uzito wa mahakamani. West alizingatia kanuni hiyo kuliko mtu yeyote. Alitoa mawaidha juu ya kuvuka barabara na kunywa maziwa bila hata chembe ya tabasamu, na watoto wakamwamini huku wazazi wao wakicheka. Wakosoaji waliosema hajui kuigiza hawakuona kazi aliyokuwa akiifanya. Kutulia kwake ndiko kulikompa mhalifu nafasi ya kufanya vituko. Laiti naye angeongeza madoido, pasingebaki kitu cha kuchezea.

Mbwembwe zote zikaachiwa upande wa pili. Frank Gorshin, msanii wa kuiga sauti aliyekuwa akitumbuiza kwenye kumbi za burudani, alifungua tamthilia akiwa Riddler, mwizi asiyeweza kuiba bila kwanza kutega kitendawili. Katika vitabu vya katuni mhusika huyo alikuwa karibu amesahauliwa: alitokea mwaka 1948, akatoweka, akarudishwa mwaka 1965. Gorshin alimpa kicheko cha kupayuka, mwili usiotulia na macho yanayoruka kutoka furaha hadi hasira ndani ya sentensi moja. Vazi la kubana mwili lilimkera, ikabuniwa suti na kofia ya mviringo vilivyojaa alama za kuuliza. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy.

Cesar Romero, aliyeigiza Joker, alikataa kunyoa masharubu yake, na rangi nyeupe ikapakwa juu yake. Katika picha za karibu yanaonekana wazi. Burgess Meredith alikuwa Penguin mwenye mwendo wa bata, na Julie Newmar alikuwa Catwoman katika misimu miwili ya kwanza. Maskani ya watu hawa yalipigwa picha kwa kamera iliyoinamishwa upande, ishara kwamba aliyemo hana unyoofu. Ilikuwa mbinu isiyogharimu chochote zaidi ya kulegeza skrubu ya mguu wa kamera.

Wengine walibuniwa kwa ajili ya televisheni tu, na pengine hao ndio wenye raha zaidi. King Tut, aliyeigizwa na Victor Buono, ni profesa mpole wa Chuo Kikuu cha Yale ambaye kila akigongwa kichwani hujiona farao na kudai Gotham ni milki yake. Buono alikuwa mnene, mwenye sauti ya jukwaani, na alilia, alinguruma na kudeka kama mfalme aliyenyimwa chakula. Vincent Price alikuwa Egghead, kipara anayetaja mayai katika kila anachokisema. Mpiga piano Liberace alikuja mwaka 1966 akiwa Chandell, mwanamuziki mwenye pacha mhalifu, akaziigiza nafasi zote mbili. Waigizaji wakubwa wakaanza kuulizia nafasi ya uhalifu. Ya ushujaa haikuwa na wa kuigombea.

Filamu ya sinema iliyotoka mwaka 1966 ilileta helikopta na boti ambazo studio iligharimia, na tamthilia ikazitumia tena picha zake. Faida hiyo haikudumu. Katika msimu wa pili watazamaji walipungua, na maneno ya kishindo yaliyokuwa yakichorwa juu ya picha za ngumi yakawekwa kwenye kadi za rangi, maana hivyo ilikuwa rahisi zaidi. Msimu wa tatu ukabaki na sehemu moja kwa wiki. Aliongezwa Batgirl, aliyeigizwa na Yvonne Craig, na Eartha Kitt akashika nafasi ya Catwoman kwa sauti ya kukoroma kama paka ambayo hakuna aliyeweza kuiiga. Maskani ya wahalifu sasa yalikuwa vitu vichache vilivyosimamishwa mbele ya giza: mlango usio na ukuta, dirisha linaloning'inia. Katika ufukara huo Joker alishindana na Batman kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, wote wawili wakiwa wamevaa kaptura za kuogelea juu ya maleba yao. Ni kichekesho kibovu, na Romero anakicheza kana kwamba yuko katika opera.

ABC ilipoisimamisha tamthilia, kituo cha NBC kilionyesha nia ya kuichukua, lakini kikakuta mandhari ya studio yamekwisha kubomolewa. Marudio yaliendelea kuonyeshwa kwa miongo mingi, ingawa migogoro ya haki iliichelewesha tamthilia kamili kuuzwa kwenye diski hadi mwaka 2014. West alifariki Juni 2017. Oktoba mwaka huo ilitoka filamu ya katuni aliyokuwa amekwisha kuirekodia sauti, iliyomleta Two-Face, adui aliyewahi kuandikiwa hadithi katika miaka ya 1960 bila kufikishwa kwenye skrini. Sauti yake ilitolewa na William Shatner.