Lovaji: Kutoka Bustani ya Watawa hadi Maabara

Katika maktaba ya monasteri ya zamani ya St. Gallen, Uswisi, imehifadhiwa ramani iliyochorwa kwenye ngozi katika karne ya 9. Inaonyesha monasteri nzima kama ilivyotakiwa kujengwa, na pembeni, jirani na nyumba ya matabibu yenye chumba cha wagonjwa mahututi, kuna bustani ya dawa yenye matuta 16. Kila tuta limeandikwa jina la mmea wake. Msomaji wa Pwani atawakuta wenyeji wake humo: uwatu, jira, shamari, nanaa. Kati yao lipo tuta la lubestico, yaani lovaji, mmea ambao jikoni kwetu haukuwahi kufika.

Lovaji, kwa jina la kisayansi Levisticum officinale, ni wa ukoo mmoja na giligilani na karoti. Hurefuka hadi kama mita 2, bua lake lina uwazi ndani, na maua yake ni ya manjano. Ukifikicha jani, unapata harufu ya selari iliyokolea, na nyuma yake harufu nzito ya mchuzi. Hiyo ya mchuzi inatokana na sotoloni, kemikali ileile inayoutambulisha uwatu. Wajerumani huuita mmea wa Maggi kwa kuwa unanukia kama sosi ya chupa ya Julius Maggi iliyoanza kuuzwa mwaka 1886, ingawa sosi yenyewe haina lovaji.

Wauzaji wa dawa za mitishamba hupenda kusema kwamba mmea huu umetibu watu kwa miaka elfu mbili. Wanamtegemea Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1, aliyeandika juu ya mmea wa milimani huko Liguria, Italia: mzizi na mbegu zake hupasha mwili joto, husaidia chakula kusagika, hukojosha na huleta hedhi, na wenyeji huutia kwenye chakula badala ya pilipili manga. Tatizo ni kwamba baadhi ya wataalamu wanashuku kuwa alikuwa akieleza mmea mwingine wa ukoo huohuo. Hatua imara zaidi ni mnamo mwaka 800, pale amri ya Maliki Karolo Mkuu kuhusu mashamba yake ilipoutaja miongoni mwa mimea ya kupandwa. Tangu hapo watawa waliulea. Hildegard wa Bingen, mtawa wa karne ya 12, aliuchanganya na seji na shamari kutibu kikohozi cha kifua. Vijijini, katika nchi za Kijerumani, mwenye koo linalouma alinywa maziwa kwa kuyafyonza kupitia bua la lovaji.

Lakini vitabu vya zamani vya dawa havikubaliani, na ndipo msomaji anapaswa kusita kidogo. Walahfrid Strabo, mtawa wa Reichenau katika karne ya 9, aliukaribisha bustanini mwake huku akitaja kwamba utomvu na harufu yake vinasemwa kutia macho giza. Karne nane baadaye, huko London, mwandishi wa dawa za mitishamba Nicholas Culpeper aliagiza maji yake yadondoshewe machoni kuondoa wekundu. Hakuna jicho lililobadilika kati ya watu hao wawili. Kila mmoja alipokea alichosikia au kusoma, akakiandika. Umri wa dawa, kwa hiyo, unatuambia kwamba iliaminiwa, si zaidi.

Dai moja tu ndilo lililopita karne zote bila kupingwa: lovaji hukojosha. Mwaka 1990 tume ya serikali ya Ujerumani iliyokuwa ikipitia dawa za mitishamba iliukubali mzizi wake, gramu 4 hadi 8 kwa siku pamoja na maji mengi, kwa kusafisha njia ya mkojo iliyovimba na kuzuia vijiwe vya figo. Wanakemia nao walikuwa wameupata moyo wa mzizi huo: mafuta yenye kemikali ziitwazo fthalidi, hasa ligustilidi, ambazo katika majaribio ya maabara hulegeza misuli iliyokaza. Hilo linaeleza vizuri kwa nini watu wa kale walisifia chai yake kwa tumbo la kusokota. Halithibitishi kwamba kikombe kimoja kina kiasi cha kutosha.

Jaribio kubwa la wagonjwa lilichapishwa mwaka 2018. Wanawake 659 wenye maambukizi mepesi ya njia ya mkojo waligawanywa kwa bahati nasibu, bila wao wala madaktari kujua nani anapewa nini: kundi moja lilipewa Canephron, kidonge cha Kijerumani cha mitishamba chenye lovaji ndani yake, jingine antibayotiki ya fosfomisini. Hadi siku ya 38, asilimia 83.5 ya waliopewa mitishamba hawakuhitaji antibayotiki ya ziada, dhidi ya asilimia 89.8 upande wa pili. Kwa vigezo vya jaribio, tofauti hiyo ilikubalika. Ila maambukizi ya kupanda hadi figo yalionekana zaidi kwa waliotumia mitishamba, na aliyegharimia utafiti ni mtengenezaji wa kidonge. Tena kidonge hicho kina mimea mitatu: lovaji, rozmari na sentauri. Ni upi kati ya hiyo uliofanya kazi, jaribio halikuuliza.

Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya imeuweka mzizi wa lovaji katika kundi la dawa za jadi. Kuingia humo hakudai jaribio la wagonjwa. Panatakiwa miaka 30 ya matumizi, 15 kati yake ndani ya Umoja, na usalama wa kuridhisha. Masharti ya usalama ndiyo yaliyo wazi zaidi. Mwenye figo zilizovimba au zilizochoka asiutumie, wala aliyevimba mwili kwa ugonjwa wa moyo. Mjamzito pia akae mbali nao. Anayeutumia kwa muda mrefu ajikinge na jua kali, kwa kuwa una furanokumarini, kemikali zinazoifanya ngozi iungue upesi.