Mnunuzi wa nyumba anahitaji dalali wa upande wake

KUNUNUA nyumba ni tendo ambalo wakazi wengi wa mijini hulifanya mara moja tu maishani. Fedha zinazotumika huwa ni akiba ya miaka mingi, mafao ya kustaafu au mkopo wa benki. Pamoja na uzito huo, mnunuzi jijini Dar es Salaam mara nyingi huongozwa katika safari hiyo na mtu aliyekutana naye siku hiyo hiyo kijiweni, yaani dalali.

Dalali huyo anaufahamu mtaa, anamfahamu mwenye nyumba na anazijua bei. Swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni moja: anamfanyia kazi nani?

Kwa kawaida dalali aliyeitangaza nyumba ametumwa na muuzaji. Wajibu wake ni kuiuza nyumba hiyo kwa bei nzuri, na hana sababu ya kumweleza mteja kwamba paa linavuja au kwamba jirani anadai sehemu ya kiwanja. Dalali wa mnunuzi ni mtu tofauti. Huyu hupewa kazi na mnunuzi, hutafuta nyumba kulingana na mahitaji na uwezo wake, huchunguza kasoro, hujadili bei kwa niaba yake na hulipwa naye.

Nchini Marekani kazi hiyo inatambulika rasmi. Tangu Agosti 17, 2024, kufuatia makubaliano ya kumaliza kesi dhidi ya chama cha mawakala wa nyumba, National Association of Realtors, mawakala wanaotumia orodha za nyumba zilizo chini ya utaratibu huo hutakiwa kuwa na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba, nao mkataba hueleza malipo yao. Nchini Kenya, Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura 533, huwataka mawakala hao wasajiliwe na bodi maalumu.

Nchini Tanzania, udalali wa nyumba kwa miaka mingi umefanywa na yeyote mwenye simu na watu wanaomfahamu. Hata hivyo, mnunuzi hajaachwa bila kinga. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inaeleza wajibu wa wakala kwa aliyemtuma: afuate maelekezo, atoe hesabu, akabidhi fedha alizopokea kwa niaba ya aliyemtuma, na asijinufaishe kwa siri katika kazi hiyo. Lakini ili mnunuzi anufaike na kinga hiyo, ni lazima kwanza aweze kuthibitisha kwamba dalali ni wakala wake.

Malipo na 'cha juu'

Chanzo kikubwa cha migogoro ni fedha inayofahamika mitaani kama 'cha juu'. Mwenye nyumba husema anataka Sh100 milioni, dalali humwambia mnunuzi kwamba bei ni Sh115 milioni, na tofauti huingia mfukoni mwa dalali. Pale ambapo madalali watatu au wanne wameunganishana, kila mmoja huongeza chake, na mnunuzi huweza kumaliza biashara bila kuijua bei halisi aliyoitaja mwenye mali.

Dawa ya kwanza ni mnunuzi kuonana na muuzaji ana kwa ana na kuisikia bei kutoka kinywani mwake. Ya pili ni kumtumia mthamini aliyesajiliwa. Wathamini husimamiwa kwa sheria ya mwaka 2016, na taarifa ya mthamini huonyesha thamani ya nyumba bila kujali maneno ya kijiweni.

Namna ya kumlipa dalali nayo huamua uaminifu wake. Chukulia dalali wa mnunuzi ameahidiwa asilimia tano ya bei. Nyumba ikinunuliwa kwa Sh120 milioni atapata Sh6 milioni. Akijitahidi kuishusha hadi Sh100 milioni, atapata Sh5 milioni. Kwa maneno mengine, kadiri anavyomsaidia mteja wake ndivyo anavyojipunguzia kipato. Kwa sababu hiyo ni busara kukubaliana malipo yasiyobadilika, ambayo hulipwa baada ya kazi kukamilika. Atakayetaka kuongeza zawadi kwa kila shilingi iliyopunguzwa, apime punguzo hilo kwa thamani ya mthamini, kwani bei ya kutangazwa huweza kupandishwa makusudi ili ishushwe baadaye.

Aidha, mnunuzi amuulize dalali wazi kama anapokea chochote kutoka kwa muuzaji. Mshika mbili moja humponyoka, na katika biashara hii kinachoponyoka huwa ni maslahi ya mnunuzi.

Yanayopaswa kuandikwa

Mkataba kati ya mnunuzi na dalali wake hauhitaji kurasa nyingi. Utaje majina kamili na namba za vitambulisho, aina ya nyumba na maeneo yanayotafutwa, kiwango cha juu cha bei, malipo ya dalali na lini yatalipwa, pamoja na muda wa mkataba. Useme pia kwamba dalali hatapokea malipo mengine yoyote bila kumjulisha mnunuzi na kupata ridhaa yake.

Sharti moja lisikosekane: fedha za kununulia nyumba hazitapita mikononi mwa dalali. Zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya muuzaji, kwa awamu zitakazopangwa na mwanasheria. Sharti hili lina uzito zaidi kwa Mtanzania anayeishi Muscat au London, ambaye hulazimika kutuma fedha kwa nyumba ambayo hajaiona.

Uchunguzi wa nyumba

Dalali mzuri hupimwa kwa yale anayoyagundua kabla fedha hazijatoka. Ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachonunua mtu ni haki ya kutumia ardhi kwa muda uliotajwa katika hati, ambao hauzidi miaka 99, pamoja na jengo lililopo. Hivyo miaka iliyobaki katika hati ni sehemu ya bei.

Kuonyeshwa hati hakutoshi. Ni lazima ufanyike upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ambako daftari litaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa. Wapo waliouziwa nyumba iliyokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine, na wapo waliogundua rehani siku dalali wa mahakama alipogonga mlango.

Hali kadhalika, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Saini ya mume peke yake, hata kama jina lake ndilo lililo kwenye hati, huweza kumfikisha mnunuzi mahakamani. Kama mwenye nyumba amefariki dunia, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mtoto mkubwa aliyeshika funguo.

Katika maeneo yasiyopimwa, ambako hakuna hati, uchunguzi hufanyika kwa miguu. Dalali wa mnunuzi azungumze na majirani wa pande zote nne, aulize mipaka, historia ya eneo na warithi. Afike serikali ya mtaa, huku akikumbuka kwamba mhuri wa mwenyekiti haubadilishi daftari la ardhi. Atazame pia barabara na mabonde. Nyumba za bonde la Msimbazi zilizobomolewa mwishoni mwa mwaka 2015, na zile za kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017, ni ukumbusho kwamba jengo imara katika eneo lisiloruhusiwa si mali ya kudumu.

Mipaka ya kazi ya dalali

Pamoja na hayo yote, dalali si mwanasheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi, na ni vyema mwanasheria atakayeuandaa awe wa mnunuzi mwenyewe na si yule aliyeletwa na dalali. Mwanasheria ndiye atakayesimamia taarifa kwa Kamishna wa Ardhi, ushuru wa stempu, kodi inayotokana na faida ya mauzo, ambayo ni wajibu wa muuzaji, na hatimaye usajili wa uhamisho. Mpaka usajili huo ukamilike, mnunuzi ana mkataba mkononi, lakini jina lililo katika daftari bado ni la muuzaji.

Ni jambo la hekima kubakiza sehemu ya malipo ya nyumba, na malipo yote ya dalali, hadi siku hiyo. Dalali anayeiamini kazi yake hatakataa. Yule anayesisitiza kwamba kuna mteja mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu, na kwamba hakuna muda wa upekuzi, amekwisha kujibu swali la nani anamfanyia kazi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mnunuzi wa nyumba, daftari hilo huanza na karatasi anayoandikiana na dalali wake kabla ya kuonyeshwa mlango wa kwanza.