Mtoto wa mbwa anapoanza tena kuchafua nyumba

Mtoto wa mbwa aliyekaa wiki mbili bila kukojoa ndani, kisha ghafla akalowesha zulia sebuleni, huwavunja moyo wenyeji wake kuliko yule ambaye hajajifunza kabisa. Wengi hudhani kwamba mafunzo yote yamepotea, au kwamba mnyama amefanya kusudi. Hata hivyo, kurudi nyuma kwa namna hiyo ni sehemu ya kawaida ya ukuaji wake, na mara nyingi sababu yake huonekana katika tukio lenyewe: saa lilipotokea, mahali, kiasi cha mkojo, na jambo lililotangulia.

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi ughaibuni suala hili ni geni kwa kiasi fulani. Katika nyumba nyingi za kwetu mbwa hulala uani, na haja zake huzimaliza nyuma ya nyumba bila mtu kumfundisha. Katika fleti ya London, Minneapolis au Dubai hakuna ua wa namna hiyo. Mbwa hukaa chumba kimoja na watu, juu ya zulia ambalo pengine si mali yao. Nchini England, sheria ya ada za wapangaji ya mwaka 2019 imeweka kikomo cha amana kuwa kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi za kupanga, na zulia lililoingiwa na harufu ya mkojo linaweza kumeza sehemu kubwa ya fedha hizo mpangaji anapohama. Familia zinazohamia maghorofani Nairobi na Dar es Salaam nazo zinakutana na tatizo lilelile.

Anayelipa gharama kubwa zaidi ni mbwa mwenyewe. Mnyama anayeonekana hafundishiki hurudishwa kwa aliyemuuza, hupelekwa kwenye makazi ya wanyama wasio na wenyewe, au huachwa barabarani.

Kibofu kisichokomaa

Katika wiki mbili au tatu za mwanzo mtoto wa mbwa hawezi hata kukojoa peke yake. Mama humlamba ili mkojo utoke. Anapofikisha kama wiki tatu huanza kujikokota kutoka mahali anapolala kwenda kando kujisaidia. Silika hii ya kutochafua malazi ndiyo msingi wa mafunzo yote yatakayofuata. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa katika kizimba kichafu, asikokuwa na mahali pa kujitenga, hufika kwa mwenyeji wake silika hiyo ikiwa imefifia, na huhitaji subira zaidi kuliko wengine.

Watoto wengi huhamia kwa wenyeji wapya wakiwa na wiki nane au zaidi. Katika umri huo misuli inayofunga kibofu bado haijakomaa, na kwa wengi haikomai mpaka mwezi wa nne hadi wa sita. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wafunzaji ni kuchukua umri wa mbwa kwa miezi na kuongeza moja: wa miezi miwili asiachwe zaidi ya saa tatu, wa miezi mitatu asizidishe nne. Hiyo ni pale anapokuwa ametulia au amelala. Akiwa macho anacheza, huenda akahitaji kutoka kila baada ya nusu saa. Nyakati tatu hazina mjadala: mara anapoamka, mara anapomaliza kucheza, na dakika tano hadi thelathini baada ya kula, kwa kuwa chakula kinapoingia tumboni utumbo nao huanza kusukuma.

Kutokana na hayo, wiki mbili safi za mwanzo mara nyingi ni kipimo cha bidii ya watu kuliko cha elimu ya mbwa. Wenyeji wapya huwa makini, humtoa kila mara, hata usiku. Mambo yanapokwenda vizuri hulegeza: muda kati ya safari huongezeka, milango ya vyumba huachwa wazi, kila mtu hudhani mwenzake ameshamtoa. Kinachoitwa kurudi nyuma huanzia hapo.

Kulisoma tukio

Dimbwi kubwa katikati ya chumba, saa kadhaa baada ya safari ya mwisho, maana yake ni moja tu: muda ulimzidi. Dawa ni kupunguza vipindi.

Mkojo ulio karibu na mlango ni habari njema iliyofika kwa sura mbaya. Mbwa alijua pa kwenda, akaenda, akakuta mlango umefungwa na hakuna aliyemwona. Dalili zake kabla ya hapo huwa ndogo: kuacha mchezo ghafla, kunusa sakafu kwa kuzunguka, kwenda chumba asichokaa mtu. Baadhi ya wenyeji hutundika kengele mlangoni, kwa kimo cha pua yake, na kuigonga kila wanapomtoa, mpaka naye anajifunza kuigonga.

Matone machache yanayotoka mtu anapoingia, mbwa akijikunyata, akilaza masikio au kugeuza tumbo juu, si suala la choo hata kidogo. Ni ishara ya unyenyekevu au msisimko ambayo mbwa mchanga hawezi kuizuia, na kumkaripia huiongeza. Inafaa kuingia nyumbani kimyakimya bila kumwinamia, kungoja atulie, kisha kumsalimu chini, pengine nje. Wengi huacha wenyewe wanapokua.

Lipo tukio moja linalowakasirisha watu kuliko mengine: mbwa hukaa nje robo saa bila kufanya lolote, akirudi ndani hukojoa papo hapo. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza, nje kulikuwa na harufu, magari na majani yanayopeperuka, akasahau kilichomleta. Ya pili ni kwamba amejifunza kuwa mara anapomaliza haja, matembezi huisha, kwa hiyo huchelewesha. Asimame mahali pamoja, kamba ikiwa fupi, kwa dakika tano. Akijisaidia, apewe kipande kidogo cha nyama hapohapo, katika sekunde moja au mbili, wala si baada ya kufika mlangoni, kisha matembezi ndiyo yaanze. Asipojisaidia, arudi ndani lakini akae mikononi au kizimbani kwa dakika kumi, halafu atolewe tena.

Sakafu nayo ina lugha yake. Watoto wa mbwa huanza kupendelea aina fulani ya uso wa kujisaidia wakiwa wadogo sana. Aliyekulia kwenye saruji hutafuta vigae na veranda. Aliyezoezwa karatasi za kunyonya mkojo huona kapeti laini kuwa ni karatasi kubwa zaidi. Kwa mkaaji wa ghorofa ya kumi karatasi hizo ni msaada wa kweli, hasa kabla chanjo hazijakamilika, kwani virusi vya parvo huweza kudumu ardhini kwa miezi mingi. Lakini zina bei yake: siku moja mbwa atapaswa kufundishwa upya kwamba choo ni nyasi. Wenye roshani wanaweza kuweka huko beseni lenye kipande cha nyasi halisi, naye akaanza na uso atakaoukuta chini.

Uso wa hatia

Karibu kila mwenye mbwa atakuambia kwamba mbwa wake “anajua amekosa”: hujikunyata, hukwepa macho, huficha mkia. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilijaribu jambo hili kwa mbwa 14. Wenyewe waliwakataza kula kipande cha chakula, wakatoka chumbani. Waliporudi, baadhi waliambiwa mbwa amekula ilhali hakula. Uso wa hatia ulijitokeza zaidi pale mbwa alipokaripiwa, awe alikosa au hakukosa. Aliyeonewa alionekana mkosaji sawa na mkosaji.

Hii ndiyo sababu kumsugua pua kwenye mkojo wake, desturi iliyoenea pande nyingi za dunia, haimfundishi anachodhaniwa kufundishwa. Mbwa huunganisha adhabu na kilichopo wakati huo: mtu aliyesimama na dimbwi lililo kati yao. Anachoelewa ni kwamba kujisaidia mbele ya watu ni hatari. Kuanzia hapo hujificha nyuma ya kochi, na nje hukataa kabisa kukojoa mwenye kamba akimtazama, yaani pale hasa inapotakiwa afanye hivyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha mbwa 92, ulionyesha kwamba waliofunzwa kwa adhabu walikuwa na dalili zaidi za dhiki na kiwango cha juu zaidi cha homoni ya kortisoli mateni baada ya mafunzo kuliko waliofunzwa kwa tunzo.

Akikutwa anakojoa, inatosha kupiga makofi mara moja au kumwita jina, kumbeba haraka nje, na kumsifu akimalizia huko. Akikutwa ameshamaliza, hakuna la kumwambia. Afungiwe chumba kingine, na tambara lifanye kazi yake.

Harufu na tohara

Mbwa hurudi mahali panaponukia choo, na pua yake hunusa kilichobaki baada ya sisi kuridhika kwamba pamesafika. Sabuni za sakafu zenye amonia hazifai, kwa kuwa mkojo wenyewe ukioza hutoa amonia. Dawa ya klorini ni mbaya zaidi: ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Kinachofaa ni kunyonya unyevu kwa kitambaa kikavu bila kusugua, kisha kutumia dawa yenye vimeng'enya, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya wanyama, na kuiacha ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Wengi huifuta baada ya dakika mbili, kisha hulalamika kwamba haifanyi kazi.

Kwa familia za Kiislamu suala lina upande mwingine. Katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani ya Afrika Mashariki, kilichoguswa na mate au mkojo wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Madhehebu mengine yana hukumu tofauti, na mwenye shaka ni vyema amwulize mwanachuoni wake. Kwa utendaji, njia nyepesi ni kinga: chumba cha kuswalia kifungwe daima, miswala itundikwe juu, na mbwa apewe eneo lenye sakafu ngumu inayooshwa kwa maji. Tohara na kuondoa harufu ni kazi mbili tofauti; kufanya moja hakumalizi nyingine.

Majira, ratiba na maneno

Mtoto wa mbwa aliyefunzwa Uingereza mwezi wa Agosti anaweza kuonekana amesahau yote Desemba, giza linapoingia kabla ya saa kumi na moja jioni na mvua ya baridi ikinyesha. Hajasahau, hataki kukanyaga nyasi zenye maji, kama mbwa wengi wa kwetu wakati wa masika. Kufuatana naye, badala ya kumfungulia mlango na kubaki ndani, huwa ndiyo tiba yenyewe. Katika nchi za Ghuba tatizo hugeuka: lami ya kiangazi huunguza nyayo. Weka mgongo wa kiganja chini kwa sekunde saba. Usipostahimili wewe, naye hatastahimili. Safari ziwe kabla ya jua kuchomoza na baada ya kutua.

Mabadiliko ya nyumba nayo hurudisha nyuma: kuhama, mgeni wa muda mrefu, mtoto mchanga, au mwenyeji kuanza zamu mpya. Wakati wa vizuizi vya korona mwaka 2020 Waingereza wengi walinunua watoto wa mbwa wakiwa nyumbani mchana kutwa. Waliporudi kazini, ratiba iliyomlea mnyama ilitoweka kwa siku moja.

Katika nyumba zetu za ughaibuni kuna jambo la ziada. Mama husema “nje”, baba “kojoa”, watoto hutumia Kiingereza. Mbwa hajali lugha, lakini anahitaji neno moja, lisemwe na wote, wakati uleule anapoanza kujisaidia.

Kuanza upya, na wakati wa daktari

Ikiwa ajali zimejirudia mara mbili au tatu katika wiki, rudi kwenye ratiba ya siku ya kwanza kwa wiki moja au mbili: vipindi vifupi, chumba kimoja, macho juu yake, na usiku kizimba chenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala tu. Andika saa za chakula, safari na ajali. Mara nyingi siku nne za daftari huonyesha kiini. Usimnyime maji.

Kati ya miezi sita na mwaka, madume huanza kuinua mguu na kuweka alama kwenye miguu ya meza na mapazia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle wa mwaka 2020 uliona kwamba mbwa wa miezi minane walimtii mlezi wao kidogo kuliko walipokuwa na miezi mitano, ingawa mgeni walimsikiliza. Ni balehe, na hupita. Kuhasiwa hupunguza uwekaji alama kwa wengi, si kwa wote.

Ajali nyingine hazitibiki kwa ratiba. Mbwa anayekojoa kidogo kidogo kila mara, anayejikaza au kulia akikojoa, mwenye damu kwenye mkojo, anayekunywa maji kupita kawaida, au anayelowesha malazi usingizini bila kujua, anahitaji daktari wa mifugo. Maambukizi ya njia ya mkojo hutokea zaidi kwa majike, na hutibika. Jike mchanga anayevuja mkojo tangu siku ya kwanza, mchana na usiku, huenda amezaliwa na mrija wa figo usioingia kibofuni mahali pake, hali inayoweza kuhitaji upasuaji. Ukienda, chukua mkojo wa asubuhi katika chupa safi iliyokauka, uufikishe katika saa mbili, au uuhifadhi kwenye friji mpaka zamu yako ifike.