Njia Mbili za Kuhesabu Yaliyopita

Kabla ya ibada kubwa katika hekalu letu, kuhani hutamka sankalpa, yaani nia ya ibada. Hutaja zama za ulimwengu, mahali, mwaka, mwezi na siku yake, na hatimaye jina la mwenye ibada. Kwa maneno machache mja huonyeshwa nafasi yake katika muda usio na ukingo.

Kwa mujibu wa Purana, muda huo huzunguka katika zama nne, Krita, Treta, Dvapara na Kali, ambazo jumla yake ni miaka 4,320,000. Sisi tumo katika Kali, iliyoanza, kwa hesabu ya mapokeo, mwaka 3102 kabla ya Kristo. Ramayana na Mahabharata huitwa itihasa, neno la Kisanskriti lenye maana ya "hivyo ndivyo ilivyokuwa". Hata hivyo, msimulizi wa itihasa haridhiki na kueleza lililotokea. Huuliza pia wajibu ulikuwa upi, na kosa la mfalme lilizaa nini.

Mwanahistoria wa leo huuliza jingine: nani alishuhudia, na ushahidi u wapi? Kwa kipimo hicho James Mill, ambaye hakuwahi kufika India, alidai mwaka 1817 kwamba Wahindu hawakuwa na kumbukumbu za historia. Alikosea. Katika hekalu la Wajaini la Meguti, huko Aihole, Karnataka, yamo maandishi ya jiwe ya mshairi Ravikirti, ya mwaka 634, yanayomsifu Mfalme Pulakeshin wa Pili. Yametiwa tarehe mara mbili: miaka 3735 tangu vita vya Bharata, na miaka 556 ya Saka. Hesabu ya kwanza ni ya mapokeo. Ya pili ndiyo wanayoitegemea wanahistoria kupanga nyakati za wafalme, hata kujua kwamba Kalidasa, anayetajwa humo, hakuishi baada ya mwaka huo. Ravikirti aliziweka zote mbili bila kuzichanganya.

Nasi katika maadhimisho haya tunazihitaji zote mbili. Visa vya wazee wetu hutufunza wajibu. Lakini nani alichanga, na ukuta upi ulijengwa lini, hayo yamo katika madaftari ya mikutano, stakabadhi na picha zilizolala makabatini, na mchwa hawasubiri. Aliye nazo, awe mwanachama au jirani aliyeshuhudia ujenzi, tunamsihi azilete hekaluni zihifadhiwe.