Kizota: Siasa na Jukwaa

Wengi wanaukumbuka ukumbi wa Kizota, Dodoma, kwa siasa. Mkutano Mkuu wa Nane wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) ulifanyika hapa Novemba 2012, kabla chama hakijapata ukumbi mpya mjini Dodoma mwaka 2015. Mimi, mhakiki wa maonyesho, mikutano ya namna hiyo naikumbuka kwa wasanii. Tanzania One Theatre (TOT), iliyoanzishwa 1992 na kuongozwa na Kapteni John Komba hadi alipofariki Februari 2015, ilichanganya kwaya, taarabu, ngoma na maigizo. Sauti nzito ya Komba iliwainua watu vitini.

Lakini kilichonikonga moyo zaidi ni muheme, ngoma ya Wagogo wa Dodoma. Wanawake huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Tazama viganja hivyo: mmoja anashikilia mdundo, wenzake wanamjibu, vigelegele vinapokea. Hukwe Zawose, mwana wa Wagogo aliyefariki 2003, aliufikisha muziki wa ala za zeze na ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya. Muheme, kwa maoni yangu, unanoga hapa hapa Dodoma, watazamaji wakiwa wameuzunguka na wao wakiitikia.