Waigizaji Wadogo wa Maziwa Makuu katika Filamu ya 1950
Ng'ambo ya Mto Ruzizi, unaoitenganisha Bukavu na Rwanda, ilikuwa Ruanda-Urundi, alikotokea Siriaque, mwigizaji asiyetajwa sana katika historia ya filamu. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa King Solomon's Mines, ambayo sehemu zake zilipigwa Kenya, Uganda, Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Humo Siriaque aliigiza Umbopa, mfalme aliyenyang'anywa kiti, anayefuatana na msafara wa Wazungu. Katika filamu ya 1937 nafasi hiyohiyo ilishikwa na Paul Robeson, aliyetajwa kwa jina lake kamili. Siriaque na wenzake Kimursi, Sekaryongo na Baziga walitajwa kwa jina mojamoja pamoja na kabila. Stewart Granger na Deborah Kerr hawakutajiwa kabila. Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri. Hivyo sura za waigizaji hao zimehifadhiwa vyema kuliko majina yao. Kabila lilipochukua nafasi ya jina la ukoo, msanii aligeuzwa kielelezo cha kundi, na mtafiti akanyimwa njia ya kuyafuatilia maisha yake.